Waini Haigandi, Alisema Mwenyekiti

Kama ujinga ungeuzwa kwa gramu kama dhahabu ya Masara, mwenyekiti Maranga angekuwa na ghorofa tatu mjini Migori na ya nne ikiendelea kujengwa. Hayo ni maneno ya Dorah, na Dorah hakuwa mtu wa kupunguza makali ya maneno yake ili mwenzake apate usingizi. Alikuwa mtunza sakristia wa kigango kimoja kidogo cha Kikatoliki karibu na machimbo, mjane wa miaka hamsini na saba, na kwa miaka kumi na tisa funguo za kabati la altare zilikuwa zimening'inia kiunoni mwake kwa kamba ya kiatu. Ndani ya kabati mlikuwa na kalisi, hostia, mishumaa na divai ya misa. Kigango kilibadilisha makatekista, kikabadilisha mabati, kikabadilisha kwaya mara mbili baada ya ugomvi wa sare, lakini funguo hazikubadilisha kiuno.

Dorah aliwadharau wengi na hakuona sababu ya kwenda kuungama hilo. Aliwadharau wanakwaya waliokuja na mafua wakataka kuimba peke yao, na wazee waliosinzia mahubiri yote wakaamka kwa harufu ya pilau. Lakini Maranga, mwenyekiti wa halmashauri ya kigango, alimtengea dharau yake ya pekee, kama mgeni anavyotengewa kikombe. Maranga alinunua dhahabu kutoka kwa wachimbaji wa Masara na Osiri, na kwa kuwa alitembea na mizani ndogo mfukoni aliamini hakuna kitu duniani asichoweza kukipima. Alipima mvua kwa goti, mimba kwa mwendo na ugonjwa wa ng'ombe kwa kunusa. Mara nyingi alikosea, ila alikosea kwa sauti kubwa, na watu wengi husikia sauti kabla ya kusikia maneno.

Kisa chenyewe kilianza Ijumaa, siku mbili kabla ya sikukuu ya somo wa kigango. Dorah alisafiri hadi Homa Bay, kwenye duka la jimbo, akanunua chupa mbili za divai ya misa, akarudi nazo akiwa amezipakata mapajani kama watoto mapacha. Lilikuwa juma la joto. Sakristia iliezekwa kwa bati tupu, na saa nane mchana ungeweza kukaangia yai humo ndani. Kwa hiyo alifanya kama alivyofanya siku zote za joto: alizipeleka chupa dukani kwa Mokeira, zikae kwenye friji ya soda mpaka Jumapili asubuhi.

Mokeira alikuwa Mkisii, Msabato wa kweli, muuza samaki na barafu za vijiti. Hakuwahi kukataa kuweka chupa za Dorah, ingawa kila mara alizishika kwa ncha za vidole. Shida ni kwamba juma lile kanisa lake lilikuwa limemfanya shemasi, na wazee wake walitazamiwa kupita dukani kabla ya Sabato kuingia. Friji ya soda ilikuwa na mlango wa kioo. Mokeira alitazama zile chupa mbili za Wakatoliki zikiwa zimesimama katikati ya soda kama walevi kwenye kipaimara, akaona haya. Akazifunga kwa gazeti, akazishindilia chini kabisa ya friza, chini ya samaki wa ngege waliogandishwa. Kisha jua likazama, Sabato ikaingia, akafunga duka kwa kufuli mbili, akaenda kwenye kambi ya kanisa lake kusali hadi jioni ya kesho yake.

Dorah alikuja Jumamosi asubuhi kuchungulia divai yake, akakuta kufuli. Akarudi mchana, kufuli. Alijua Mokeira hafungui duka siku ya Sabato hata nyumba ikiwaka moto, basi akakaa barazani akasubiri jua lizame, akiyatukana kimoyomoyo mawingu yaliyokuwa yakilichelewesha. Mokeira alipofika na kufungua, wakafukua ngege, wakazikuta. Chupa moja ilikuwa imetema kizibo, na barafu ya rangi ya damu ya mzee imetokeza shingoni na kumwagika juu ya samaki. Ya pili ilikuwa bado imeziba, ila kizibo kimeinuka nusu kidole na karatasi yake ya juu imechanika.

"Dada, mimi nilidhani baridi ni baridi tu," Mokeira alisema, na ilionekana wazi alikuwa karibu kulia.

Dorah alimwambia mambo ambayo hayafai kusemwa mara tu baada ya Sabato. Kisha akaibeba ile chupa nzima nyumbani, akaiweka ndani ya beseni la maji, akaitazama ikiyeyuka polepole, ikianza na kuwa tope laini kama uji uliolala na kuishia kuwa divai tena. Kulipokucha aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Rangi ilikuwa ile ile. Chini kabisa palikuwa na chembechembe zinazong'aa ambazo hazikuwapo awali. Alichomoa kile kizibo, akamimina chembe mbili kiganjani, akazilamba. Zilikuwa chachu kama ukwaju. Hazikumtisha, kwa sababu alikwisha kumsikia Padre Barnabas akisema kwamba divai ikipigwa na baridi hutoa chumvi ya zabibu zake yenyewe.

Lakini habari ya kijijini haina kufuli. Misa ilikuwa haijaanza, Maranga akaingia sakristia bila kubisha, suti ya kijivu, viatu vinavyolia. Nyuma yake walikuwa wajumbe wawili wa halmashauri ya kigango. Alisimama akaikagua chupa kama anavyokagua mchanga wa dhahabu: akafumba jicho moja, akaigeuza, akaitingisha.

"Imeganda?" akauliza.

Dorah akasema ndiyo, iliganda, na sasa imeyeyuka, na kama mwenyekiti hana swali lingine ampishe apange altare.

"Waini haigandi," Maranga alisema. "Hiyo hata mtoto wa Rongo anajua. Mama yangu alikuwa anapika chang'aa, na mimi mwenyewe nimeweka chang'aa kwa friza wiki mzima, ikatoka vile iliingia. Pombe haigandi. Yenye inaganda ni maji."

Hapo ndipo akaanza kuhesabu kwa vidole vya pete. Vizibo vimeinuka: maana yake mtu alivifungua. Chupa moja imepungua: maana yake mtu alikunywa. Kitu kimeganda: maana yake mtu alijazia maji. Na chini kuna sukari: maana yake mtu alitia utamu ili padre asigundue. Hakutaja jina la huyo mtu. Alikitazama tu kiuno cha Dorah, pale ziliponing'inia funguo, na wale wajumbe wawili nao wakakitazama.

Dorah alimwambia aionje hiyo sukari. Maranga akasema yeye haonji ushahidi.

Padre Barnabas, mzee aliyehudumia vigango kumi na vinne kwa pikipiki moja, alipofika alisikiliza pande zote akiwa bado amevaa kofia ya chuma. Alisema wazi kwamba divai ikiganda ikayeyuka hubaki divai ile ile, na kwamba hilo la barafu halimsumbui hata kidogo. Linalomsumbua ni lile neno maji. Mbele ya altare hawezi kutumia divai ambayo halmashauri inaitilia shaka. Akatoa kichupa chake cha safari, akasoma misa kwa hicho, na baadaye akawaambia wajumbe walimalize jambo hilo ndani ya juma moja. Kama ni kweli, funguo zipewe mtu mwingine. Kama si kweli, mtu aombe radhi.

Hilo ndilo lililomuuma Dorah, na lilimuuma kuliko alivyotaka mtu yeyote ajue. Maranga kusema upuuzi halikuwa jambo jipya; hakuna anayeshangazwa na mbwa kubweka. Lakini wajumbe wote watano wa halmashauri walikuwa watu aliowapangia harusi, akawavalisha watoto wao nguo za ubatizo, akawawashia mama zao mishumaa ya mwisho. Hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa kusema, huyu mama si mlevi. Miaka kumi na tisa, na kizibo kimoja kilichoinuka kilitosha. Usiku ule alizivua funguo akaziweka mezani, akaziangalia, akalia kwa hasira mpaka kamasi zikamshinda.

Jumatatu, halmashauri ilikaa sebuleni kwa Maranga. Mke wake, Rispa, aliwaletea chai. Sebule ile ilikuwa na kabati la vioo, na ndani ya kabati, juu ya kitambaa cha kufuma, ilisimama chupa ya divai ambayo kila mtu kigangoni alilazimishwa kuijua. Mzungu mmoja aliyekuja kutafuta mawe ya dhahabu Osiri ndiye aliyempa Maranga, miaka minane iliyopita. Ilifunguliwa siku moja tu, kipaimara cha binti yao, wageni wakaonjeshwa kwa kijiko kama dawa ya kikohozi. Kisha ikazibwa ikarudishwa kabatini, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kutazamwa.

Dorah aliwaambia wajumbe kwamba maneno hayana mwisho, ila friza ina mwisho. Mwenyekiti anasema waini halisi haigandi. Basi na atoe ile ya kwake, ambayo hakuna mtu atakayesema ilitiwa maji, ilale kwenye friza ya Mokeira pamoja na hii yake. Isipoganda, atazivua funguo mbele ya watu wote. Ikiganda, mwenyekiti anajua la kufanya.

Maranga alicheka hadi akapangusa macho. "Nyar Karachuonyo, umejifunga mwenyewe," alisema, akimwita kwa alikotoka kama mtu anayemtania shemeji. "Ile ikiganda, nitakuomba msamaha kanisani nikiwa nimepiga magoti."

Mlangoni, kikombe kiliteleza kwenye trei ya Rispa, chai ikamwagikia mkeka.

Jumatano, Dorah akiwa sakristia anapiga pasi vitambaa vya altare, Rispa aliingia akafunga mlango. Alikuwa mwanamke mpole, wa aina ile ambao hata salamu yao huomba ruhusa kwanza. Yeye na Dorah waliolewa ukoo mmoja, wakaitana nyieka kama wake wenza, lakini hawakuwa wamewahi kuongea zaidi ya habari za maua ya Pasaka.

"Nyieka, ile chupa si waini," alisema.

Kisha akaeleza, macho yakiwa kwenye pasi. Mwezi mmoja baada ya kile kipaimara alikuwa akifuta vumbi kabatini akasikia harufu. Divai iliyofunguliwa ilikuwa imegeuka siki, na nzi wadogo walikuwa wameifanyia sherehe shingoni. Akaimwaga. Kisha akaogopa, kwa kuwa Maranga aliipenda chupa ile kuliko watu wengi, akakoroga juisi ya unga, ile ya zambarau ambayo watoto hubeba shuleni, akaitia humo. Tangu wakati huo aliibadilisha kila mwezi, isije nayo hiyo ikachacha.

Dorah aliiweka pasi chini. Alicheka mpaka akakosa pumzi, akakalia sanduku la mishumaa, akacheka tena. Miaka saba na zaidi mtu amesimama mbele ya juisi ya watoto akiwaeleza wageni habari za mashamba ya zabibu! Rispa hakucheka.

"Ukisema, watamcheka mpaka Osiri," alisema. "Mtu hajui juisi na waini, nani atampelekea gold apime? Na mimi atanirudisha kwetu na begi langu."

Dorah akainuka kwenye sanduku. Lilikuwa jambo tamu kuliko yote aliyowahi kupewa maishani, na hapo hapo akaambiwa asilitafune. Tena aliona ubaya wake mwingine: juisi ya unga ingeganda, hata mjinga analijua hilo, na kuganda kwake hakungethibitisha lolote kuhusu divai. Angesafishwa jina kwa maji ya sukari. Alitaka kusafishwa kwa ukweli, mchana kweupe, na wote watano wajisikie wadogo. Alimtazama yule mwanamke aliyekoroga uongo wa mumewe kila mwezi kwa miaka saba na zaidi bila kudai hata asante, akajua hana moyo wa kumvunjia nyumba kwa ajili ya kicheko. Hilo lilimkasirisha zaidi.

"Nenda nyumbani," akamwambia. "Na ujifunze kuficha uso. Uso wako unasema kila kitu."

Chupa ziliingia friza Alhamisi asubuhi. Mokeira alizipokea akiwa amenuna, akisema kwao Meza ya Bwana huwekwa juisi ya zabibu tu, na ikiganda hakuna anayeitisha kikao. Ijumaa saa nane mchana, mapema kabla ya Sabato, halmashauri yote ikasimama dukani kati ya mizani ya samaki na ndoo za barafu. Rispa alisimama nyuma kabisa, ncha ya leso mdomoni.

Mokeira akazitoa. Zote mbili zilikuwa zimeganda, na mnong'ono ukapita.

Dorah alikuwa amekuja na spoki ya baiskeli iliyochemshwa. Aliishindilia kwenye chupa yake, nayo ikazama taratibu mpaka chini, kwa kuwa barafu ya divai ni laini na haishikani sawasawa. Kisha akaishindilia kwenye chupa ya Maranga. Spoki ikagonga mwamba, kama barafu ya maji, ikapinda. Barafu ilikuwa nyeupe juu, na rangi yote imekimbilia kitako. Macho ya wajumbe yalikuwa kwake, na maneno yalikuwa kooni, yamepangwa, yamenolewa, yanasubiri kutoka.

Kabla hajapumua, Maranga aliisogelea chupa yake akaigonga kwa pete.

"Mnaona?" akawaambia wajumbe. "Yangu imeganda kuliko yake. Imekuwa jiwe kabisa. Hiyo ndio tofauti ya waini ya bei."

Dorah alimeza maneno yake, na yalishuka kwa shida kama muhogo mkavu. Akasema tu kwamba basi imeonekana, waini inaganda. Wajumbe wakatikisa vichwa kwa hekima, wote watano, kana kwamba ndivyo walivyosema tangu mwanzo.

Maranga hakupiga magoti, hilo lisingetokea hata milima ihame. Alisema alipotoshwa na mazingira, akamshika Dorah mkono, na kwa kuonyesha kwamba hana kinyongo akawaalika wote kwake kesho yake jioni waionje ile chupa, kwa kuwa imekwisha kusumbuliwa. Rispa akaweka glasi ndogo. Maranga akamimina, akainusa ya kwake, akafumba macho, akaizungusha mdomoni kwa muda ambao mtu angemaliza Baba Yetu.

"Mnasikia ile miti ya mwaloni?" akauliza. Mjumbe mmoja akasema anaisikia. Mwingine akasema yeye anasikia zaidi mawe. Kisha Maranga akamgeukia Dorah. "Sema ukweli, nyar Karachuonyo. Umewahi kuonja waini kama hii?"

Rispa alikuwa amesimama kando ya kabati tupu.

"Mwenyekiti," Dorah alisema, "waini kama hii sijawahi kuonja."

Ulikuwa ukweli mtupu, na Maranga aliupokea kwa furaha mpaka ukarimu ukampanda kichwani. Akakipachika kizibo, akamkabidhi Dorah chupa iliyobaki nusu mbele ya wote, akasema anaitolea kwa kanisa, itumike altareni kesho, ili waumini wajue mwenyekiti wao ni mtu wa namna gani. Dorah aliipokea kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Aliinamisha kwa sababu uso wake mwenyewe ulianza kumshinda kuficha.

Jua lilikuwa limezama, Sabato imetoka. Akapita kwa Mokeira akamkabidhi chupa. Mokeira aliinusa kwa woga, akaichovya kidole, akaonja, akamtazama Dorah kwa mshangao, akasema hii ingewafaa hata kwao Wasabato. Kisha akaimimina kwenye vibati vyake vya barafu, akachomeka vijiti, akaisukuma ndani ya friza.

Asubuhi Dorah alifungua kabati kwa funguo zake. Alichuja ile divai yake mwenyewe, iliyoganda mara mbili na kuyeyuka mara mbili kwa kitambaa safi, zile chembe zikabaki kitambaani ziking'aa, akaijaza ndani ya chombo cha altare. Padre Barnabas aliinusa, akaonja tone moja, akasema ni divai, basi.

Kengele ililia. Padre akaiinua kalisi juu, kanisa zima likainama. Katika kile kimya, Dorah, aliyepiga magoti karibu na mlango wa sakristia, alimsikia Maranga kwenye benchi la mbele akimnong'oneza jirani yake, kwa sauti ambayo hata watu wa nyuma waliisikia.

"Hiyo ni yangu."

Nje, watoto wa katekesi walikuwa wamekwisha kununua barafu za Mokeira, na midomo yao ilikuwa ya zambarau. Dorah akashika funguo kiunoni zisipige kelele, akainamisha kichwa pamoja na wengine.